Bado Unaona Mwezi?

Kazi yangu ni kufungua midomo. Si ya watu, ya mifugo. Mfanyabiashara akiniapia kwa Mola wake na kwa mama yake mzazi kwamba mbuzi huyu ana mwaka mmoja na nusu, simbishii. Namshika mbuzi taya, natazama meno ya mbele, kisha namgeukia yule aliyeapa na kumtazama mpaka ainamishe macho. Miaka kumi na moja katika soko la mifugo la Garissa imenifundisha kwamba mbuzi hadanganyi. Wengine wote sharti waonyeshe kwanza.

Wananiita daktari. Mimi ni afisa wa mifugo tu, Gacheri kutoka Nkubu, lakini hapa ukishika sindano basi wewe ni daktari, na sikuwahi kulikataa jina hilo. Nayasema haya mapema ili ujue ni mtu wa namna gani aliyefanya mambo nitakayosimulia. Sina subira, na siamini upesi. Mume wangu Mureithi, aliyebaki nyumbani na mashamba, husema nikipewa zawadi huigeuza kwanza nione kama imetoboka chini. Anasema kweli.

Sasa, asubuhi moja katika mwezi wa Shaabani, nilikuwa naswaki uani kwangu kwa kijiti cha mswaki kama watu wengi wa huku. Nikatema, mate yakawa mekundu. Nikasukutua, nikatema tena. Mekundu. Nikakitazama kile kijiti, nyuzi zake zimelowa damu, na kitu cha kwanza kilichonijia kichwani haikuwa fizi zangu. Kilikuwa Fosia.

Fosia ana meza ya maziwa ya ngamia karibu na lango la soko. Maziwa humfikia alfajiri kutoka upande wa Bura, ndani ya madumu ya manjano yaliyofukizwa moshi wa kuni, na ukiinywa chai yake mara moja, chai ya maziwa ya pakiti utaiona maji ya kuoshea vyombo. Ni mjane mwenye binti watatu, na meza hiyo ndiyo mume, ndiyo shamba. Nimekunywa chai pale tangu wiki yangu ya kwanza Garissa. Na kila Jumatatu Fosia hunipa fungu la miswaki, bure. Miaka kumi na moja, bure. Kabla ya asubuhi ile niliuona ni wema. Baada ya ile damu nikaanza kujiuliza, bure ya nini?

Ukishaanza kumwangalia mtu kwa jicho hilo, jamani, utaona mambo. Fosia hacheki kama watu. Akitaka kucheka anavuta upindo wa shungi, anajifunika mdomo, unabaki kuyaona macho tu yakikucheka. Na akizungumza nawe hakutazami usoni. Anakutazama mdomo. Mimi natazama midomo kwa mshahara, yeye anatazama wangu kwa kazi gani?

Siku ya nne ya damu nilikuwa nimesimama mezani pake na kikombe mkononi. Soko lilikuwa limejaa, na mazungumzo yalikuwa yale yale ya kila mwaka Ramadhani ikikaribia: mwezi utaandama Jumanne au Jumatano, na watu wa Diff, kule mpakani, wakisema wameuona, sisi wa Garissa tufuate au tusifuate. Wazee walikuwa wanabishana mpaka mate yanawatoka. Fosia akainama juu ya meza.

"Abayo, fizi natoka damu?" Abayo kwao ni dada.

"Nani amekwambia?"

"Naona. Jino nyekundu." Akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akashusha sauti. "Abayo, wewe bado naona mwezi?"

Nilihisi joto likinipanda kutoka kifuani hadi masikioni. Siku hizo joto lilikuwa likinipanda hivyo, ghafla, hata kivulini. "Mwezi?" nikasema, wala sikushusha sauti. "Mimi ni Mmethodisti, Fosia! Mwezi nautazamia nini? Siuoni na sina haja nao. Uangalieni nyinyi wenyewe!"

Wazee wakageuka. Fosia akarudi nyuma kama aliyemwagiwa maji, akavuta shungi lake juu ya pua.

"Haya," akasema polepole. "Haoni. Bole, abayo."

Pole! Mtu anaulizwa habari za mwezi, anajibu hauoni, halafu anapewa pole. Nikaondoka pale nikijisemea kwamba kuna jambo.

Kesho yake miswaki ikabadilika. Si Jumatatu, wala sikuomba. Alitoa mkebe chini ya meza, ndani yake vijiti vifupi vilivyolowekwa majini, vimelainika ncha mpaka vinakaribia kuwa pamba. "Tumia hii," akasema. "Ile ingine, wacha. Na bolebole, usisukume. Mimi iko na mtoto ya ndugu yangu hapa mjini, hiyo ni daktari ya..."

"Daktari ni mimi," nikamkata.

Nikavichukua vile vijiti, nikavifunga kwenye karatasi kama ushahidi.

Nilimwonyesha Mwenda, mwenzangu wa ofisini, mtu wa Chuka, aliyekuwa na miezi minane tu Garissa na tayari anajua kila kitu. Akainua kimoja kwa vidole viwili, akakinusa. "Vimelowekwa," akasema. "Swali ni, vimelowekwa kwenye nini, madam?" Halafu akarudi kwenye kompyuta yake, akaniacha na swali hilo. Kama kuna siku nitamlipa Mwenda, nitamlipa kwa maneno hayo.

Basi nikaviacha vijiti vya Fosia, vilivyokauka na vilivyolowekwa. Nikanunua mswaki wa dukani, ule wa nywele ngumu, na chumvi. Nikasugua meno asubuhi na jioni kama mtu anayesugua sufuria iliyoungua. Kama kuna sumu, nilijiambia, itatoka. Damu ikazidi. Mdomo ukaanza kuwaka kama nimelala na pilipili ulimini, na mate yakakauka hata nikizungumza ulimi unanata. Nilikuwa naamka shuka limelowa jasho. Joto la Garissa ni la watu wote, hilo nalijua, lakini mimi nilikuwa na langu peke yangu, linakuja na kuondoka lipendavyo. Mureithi alipopiga simu nikamgombeza kwa sababu ya mbolea, kisha kwa sababu ya kuuliza kwa nini namgombeza. Hata mimi nilikuwa nimejichoka.

Nakiri pia niliogopa. Katika kazi yangu, mbuzi jike meno yakianza kulegea, haandikwi tena na wa kuzaa. Mwenyewe anamgusa taya, anatikisa kichwa, na wote waliosimama pale wanajua anakopelekwa. Nimelifanya hilo mara elfu bila kufikiri. Sasa nilikuwa napita mbele ya kioo nimefumba mdomo.

Kisha nikamsikia.

Nilikuwa nimezunguka nyuma ya meza yake kutoka upande wa zizi la kondoo, na sitadanganya, nilikuwa napeleleza. Fosia alikuwa amenipa mgongo, simu sikioni, anaongea Kisomali kwa haraka. Kisomali changu ni cha sokoni: najua rangi, umri, magonjwa na viungo vya mnyama. Nikasikia dhiig, yaani damu. Nikasikia dhammaaday, imekwisha. Nikasikia ilko, meno. Na katikati ya maneno hayo, mara mbili, daktari.

Damu imekwisha. Meno. Daktari.

Mimi siamini uchawi, nimesoma. Sumu ndiyo ninayoiamini. Nikajibanza pale kwenye harufu ya mavi ya kondoo, nikaunganisha maneno yale matatu kila namna, na kila namna yalisema jambo lile lile: mwanamke huyu anamweleza mtu jinsi kazi yake inavyoendelea.

Nikachukua maziwa yake, nusu lita, kwa kumtuma mtu mwingine anunue ili asijue ni yangu. Nikayapima ofisini kwa kila kitu nilichokuwa nacho. Yalikuwa safi. Hayakuongezwa maji, hayakuwa na dawa, hayakuwa na uchafu, yalikuwa safi kuliko maji ya mfereji wangu. Mtu wa kawaida angetulia hapo. Mimi nikasema, ala, kumbe ni mjanja kiasi hiki.

Siku ya ishirini na tisa ya Shaabani, asubuhi, nikakaa nikaandika ilani. Meza ya maziwa ya Fosia imefungwa kwa siku thelathini hadi uchunguzi ukamilike. Maziwa yanashukiwa. Nikatia sahihi na mhuri. Niliandika "yanashukiwa" huku karatasi ya majibu, iliyosema hayana kasoro, iko chini ya kiwiko changu. Na nilijua siku thelathini ni zipi. Watu wa hapa hufuturu kwa maziwa. Ramadhani ndiyo inayowavalisha na kuwasomesha wale mabinti watatu, miezi mingine inasukuma tu. Nilijua yote hayo. Nikaandika.

Mzee Abdille, mwenyekiti wa kamati ya soko, aliisoma mara mbili akiwa amevua miwani, kisha akiwa ameivaa.

"Daktari, una hakika? Mwezi tunautazamia leo jioni."

Mwezi tena! "Nina hakika," nikasema.

Akaibandika kwenye nguzo ya lango. Hakunitazama.

Saa saba mchana nikanunua chapati na nyama ya mbuzi kwa sababu sikutaka kupita kwenye chai. Tonge la pili, jino langu moja la mbele, la chini, likasogea. Nikaacha kutafuna. Nikalisukuma kwa ulimi, likaenda. Nikalivuta, likarudi. Nililia pale pale kibandani, nisiseme uongo, mama mzima wa miaka arobaini na tisa nikilia juu ya sahani ya nyama. Kisha nikasimamisha tuktuk.

Kliniki ya meno niliyopelekwa ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vitambaa. Daktari alikuwa binti mdogo mwenye miwani, kibandiko cha kifuani kimeandikwa Sagal. Akanilaza kwenye kiti, akanifunga kitambaa cha karatasi shingoni, akawasha taa. Niliufunika mdomo kwa mkono bila kujijua.

"Mama, ondoa mkono. Una miaka mingapi?"

"Arobaini na tisa."

"Hedhi yako ya mwisho ilikuwa lini?"

Nikainuka kitini. "Nimekuja na jino mimi!"

"Naliona jino. Nimeuliza hedhi."

"Kwani jino linapata hedhi?"

Akacheka, lakini hakuondoka kwenye swali. Watu wa namna hiyo nawajua, mimi ni mmoja wao. Nikahesabu kwa vidole. "Mwaka mmoja na miezi miwili. Ilikoma, nikashukuru, nikaendelea na kazi."

Akaniingiza kioo chake kidogo, akapapasa fizi kwa chuma chembamba, akahesabu kwa sauti ya chini. Kila alipogusa damu ilitoka. Kisha akaniuliza naswaki vipi, nikamwonyesha kwa mkono hewani, kwa nguvu zote.

"Na chumvi?"

"Na chumvi."

"Mama, umekuwa ukijichuna ngozi," akasema. Akavuta kiti karibu. "Sikiliza. Hedhi ikikoma, kuna homoni inayopungua sana mwilini. Watu hudhani kazi yake ni kuzaa peke yake. Kumbe hiyo hiyo inasaidia ufizi, inasaidia mate, inalinda mfupa unaoshika jino. Ikipungua, ufizi unakuwa mwembamba, kitu kidogo tu damu. Mate yanakauka, mdomo unawaka. Ule uchafu wa meno uliokuwa hapo miaka yote sasa unapata nafasi, unajipenyeza chini ya ufizi, na mfupa unaanza kuliwa. Ndipo jino linacheza. Haliwapati wanawake wote, lakini wanaopatwa ni wengi, na wengi wao hakuna aliyewahi kuwaambia. Unatokwa na jasho usiku? Joto la ghafla? Hasira?"

"Hasira ninayo tangu nizaliwe."

"Na sasa?"

Nilikuwa nafikiria jambo jingine. "Daktari," nikasema. "Maziwa. Mtu anaweza kutilia kitu kwenye maziwa, fizi zikawa hivi?"

"Maziwa gani?"

"Ya ngamia."

"Kunywa hayo. Mfupa wako unayahitaji kuliko zamani." Akaandika. "Kazi yako ni wapi?"

"Soko la mifugo."

Kalamu ikasimama. Akanitazama juu ya miwani, na uso wake wote ukafunguka. "Wewe ndiye daktari wa mifugo! Wallahi nimekungoja wiki tatu! Eddo Fosia, shangazi yangu, amenipigia simu mara nne kwa ajili yako. Kila mara ananiambia, nina rafiki yangu, damu imemkoma na sasa fizi zinamharibika, meno yatalegea, wewe ni daktari, niambie nimfanyie nini. Nikamwambia mlainishie miswaki, iloweke kwenye maji safi, mlete hapa. Akasema, kumleta siwezi, huyu ni mkali. Nilimuuliza kwa heshima kama bado anaona mwezi, akanijibu mbele ya soko lote kwamba hauoni wala hana haja nao." Akawa anacheka mpaka anafuta macho. "Eddo alisema, angalau amejibu."

Mwezi.

Haki ya Mungu, sijui ni mara ngapi nimesikia wanawake wakisema fulani yuko mwezini. Kiswahili si lugha ya mama yangu, si lugha ya mama yake Fosia, na bado alikuwa ametafuta ndani yake neno la staha, akalisema chinichini kwa sababu wanaume walikuwa karibu. Mimi nililipigia kelele. Damu imekwisha, meno, daktari. Alikuwa ananiombea dawa.

Dokta Sagal alikuwa anaendelea: atasafisha chini ya fizi, jino atalifunga pamoja na wenzake lishike, hawezi kuniahidi kwamba litabaki lakini wenzake watabaki nikija kila miezi sita, nitatumia mswaki laini, na nipimwe sukari pia asije akawa ameacha jambo. Nilisikia nusu yake. Nilikuwa nimeshashuka kitini.

"Mama, bado!"

"Nitarudi. Kuna kitu nimebandika."

Nilifika sokoni karibu saa kumi. Meza ya Fosia ilikuwa imelazwa chini, miguu juu. Yeye alikuwa amekaa juu ya dumu tupu, na mbele yake madumu manne yaliyojaa, maziwa ya alfajiri ile, kifuniko hakijaguswa. Akina mama waliokuja kununua walikuwa wakifika kwenye nguzo, wanasoma au kusomewa, wanazunguka njia mbali kama pale amelala mbwa mgonjwa.

Niliing'oa ile karatasi. Mzee Abdille akaja nyuma yangu.

"Kuichana si kitu, daktari," akasema. "Wameshaisoma. Nikiwaambia sasa ni safi, watasema amekupa kitu. Watauliza, asubuhi ilikuwa nini?"

Nikaenda nikachuchumaa mbele ya Fosia. Alinitazama shingoni, na ndipo nilipojua kile kitambaa cha karatasi bado kimening'inia, kina matone ya damu.

"Umetoka kwa Sagal," akasema.

"Nimetoka kwa Sagal."

"Imekuambia?"

"Ameniambia. Fosia, mimi nilidhani..."

"Najua nilidhani nini," akasema, akimaanisha wewe ulidhani. Hakupandisha sauti. Ningependa angenitukana. "Mimi nilikuwa na miaka arobaini na saba. Jino ya chini ikaanguka. Ingine ikaanguka. Nne. Nikasema ni Arbia."

Arbia sikuwahi kumsikia. Alikuwa mke mwenzake, akanieleza, mke mdogo. Walipika kwa jiko moja miaka kumi na miwili na Arbia ndiye aliyemzalisha binti wa mwisho. "Nikasema ameweka kitu kwa chakula. Nikakataa chakula yake. Nikakataza watoto. Yeye nalia kwa mlango, mimi nafunga. Miaka sita, salamu hakuna. Akafa kwa homa, siku tatu tu, mimi sijamsalimia. Halafu Sagal akatoka shule ya daktari, akaangalia mdomo yangu, akaniuliza, eddo, mwezi ilikwisha lini?" Akaishika pembe ya shungi, akaikunja na kuikunjua. "Ndio nikakuuliza wewe. Nilisema huyu asifanye kama mimi."

Miaka kumi na moja nilikuwa nikimwona akijifunika mdomo, na mimi ni mtu ambaye kazi yake ni kuangalia meno.

Nikasimama. Nitakwambia ukweli, heri ningeambiwa nimkamate ngamia dume aliyepandwa na wazimu wa jike. Mbele yangu walikuwa wanaume zaidi ya mia, wanunuzi, madalali, wachungaji, watu ambao kwa miaka kumi na moja wamenijua kwa ukali wangu tu, na hilo lilinitosha. Na habari yenyewe ni ya kusemwa chumbani baina ya wanawake wawili. Lakini Abdille alikuwa amesema kweli. Nisiposema sababu, jina lake litabaki limechafuka.

"Nisikilizeni!" Sauti ninayo, hilo sijapungukiwa. "Maziwa ya Fosia ni safi! Niliyapima mwenyewe yakawa safi, na bado nikaandika yanashukiwa. Niliandika uongo! Fizi zangu zilikuwa zinatoka damu, nikamsingizia yeye. Hakuna sumu! Ni mwili wangu!" Kwenye nguzo walisimama akina mama watatu, ndio niliowatazama. "Ni mwezi! Mwezi wangu umekwisha! Sioni tena!"

Walio karibu waliinamisha nyuso. Abdille akakohoa, akaanza kusafisha miwani. Lakini huko mbali, upande wa ngamia, walikuwa hawajasikia ila neno moja.

"Mwezi?" mtu akapaza sauti. "Mwezi umeonekana?"

"Umeonekana wapi?"

"Daktari ameuona!"

"Saa kumi? Na jua hili?"

"Piga simu Diff!"

Watu wakageuza shingo juu, mikono juu ya macho, wanautafuta mwezi kwenye jua lililokuwa linawaka kama tanuri. Abdille akaanza kukimbia upande huo huku akipunga fimbo, "Si mwezi huo! Jamani, si huo!" Na nani angemuuliza ni upi?

Nyuma yangu nikasikia sauti nisiyoijua. Nikageuka. Fosia alikuwa anacheka. Alikuwa anacheka kwa mwili mzima, mikono miwili imeshika magoti, shungi limeteleza mabegani, na mkono haukwenda kuliinua. Nikaliona pengo lake, pana, safu ya chini yote ya mbele, ufizi mtupu wa waridi kama wa mtoto. Nami nikacheka, mdomo wazi, jino langu likicheza.

Alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha machozi yakaendelea baada ya kicheko kwisha. Nikakaa chini mchangani karibu naye. Mama mmoja kati ya wale watatu alikuwa amekuja na chombo chake, ameshika kifuniko cha dumu. Wale wawili waliondoka, na mmoja wao hadi leo anazunguka njia.

Fosia akajifuta uso kwa kiganja. "Wewe umekuja siku ile ile," akasema. "Mimi kwa Arbia sikuenda."

Niliinua meza yake, nikaisimamisha kwa miguu, nikaifuta vumbi kwa kile kitambaa cha shingoni, upande usio na damu. Kisha nikampokea yule mama chombo chake, nikampa Fosia ajaze.